Bhaktapur, Mji Uliojengwa na Mafundi

Barabara ya kutoka Kathmandu kwenda Bhaktapur ina urefu wa kilomita 13 hivi, na imepewa jina la fundi. Arniko alikuwa Mnewari wa karne ya 13. Alisafiri hadi China, akamfanyia kazi Kublai Khan, na stupa nyeupe aliyoijenga ingali imesimama Beijing mpaka leo. Nchi nyingi huzipa barabara zake kuu majina ya majemadari na marais. Hapa Nepal wasafiri wanapita juu ya jina la mjenzi, na mji wanaokwenda kuuona unaeleza kwa nini.

Wanewari ndio wenyeji wa tangu zamani wa Bonde la Kathmandu. Wana lugha yao, vyakula vyao, na sherehe zinazoujaza mwaka mzima. Wapo Wahindu na wapo Wabudha, na wengi huabudu kote kuwili bila kuona tatizo. Baada ya mfalme Yaksha Malla kufariki mwaka 1482, bonde liligawanyika likawa na falme tatu za ukoo mmoja: Kathmandu, Patan na Bhaktapur. Ndugu hawa walipigana, lakini walishindana zaidi kwa majengo. Mmoja akisimamisha hekalu, mwenzake alitaka la kwake lipite hilo kwa urefu na kwa nakshi. Ushindani huo ulidumu karibu karne tatu, hadi Prithvi Narayan Shah wa Gorkha alipoiteka Bhaktapur mwaka 1769 na mfalme wake wa mwisho, Ranjit Malla, akaenda kumalizia maisha Banaras, India.

Matembezi mengi huanzia uwanja wa ikulu. Mgeni hulipa kiingilio langoni, kisha mwongoza watalii humpeleka moja kwa moja mbele ya Lango la Dhahabu, ambalo Ranjit Malla alilisimamisha katikati ya karne ya 18. Ni shaba iliyofuliwa kwa nyundo mpaka miungu ikachomoza, kisha ikapakwa dhahabu. Ng'ambo yake, juu ya nguzo ya jiwe, ameketi mfalme Bhupatindra Malla, viganja vimekutana kwa ibada. Kando yake ni Ikulu ya Madirisha 55, na nyuma ya lango kuna ua wa mungu wa kike Taleju, ambamo asiye Mhindu haingii. Kwenye sanamu mbili za mawe zilizo karibu, waongozaji husimulia kisa cha mchongaji aliyekatwa mikono kwa amri ya mfalme ili asije akachonga nyingine za kufanana nazo. Kiwe kweli au hadithi, kisa hicho kinaonyesha jinsi wenyeji wanavyoipima thamani ya mkono wa fundi.

Uwanja wenyewe ni mpana kuliko ulivyokusudiwa. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa liliangusha mahekalu mengi, na baadhi hayakujengwa tena.

Hatua chache kutoka hapo, kichochoro kinamwaga wageni katika uwanja wa Taumadhi, na hapo wengi hunyamaza. Nyatapola, hekalu lililopo hapo, ina mapaa matano na urefu wa mita 30 hivi. Bhupatindra Malla aliikamilisha mwaka 1702 kwa ajili ya mungu wa kike Siddhi Lakshmi, ambaye makuhani pekee huruhusiwa kumwona. Wenyeji husema Bhairava, mungu mwenye hasira ambaye hekalu lake liko pembeni ya uwanja huohuo, alikuwa akiuletea mji balaa, na mfalme akamjengea jirani mwenye nguvu zaidi ili amtulize. Ngazi zinapanda vidato vitano, na kila kidato kina walinzi wawili wa mawe. Chini kabisa ni wanamieleka Jayamalla na Pattamalla, wanaosemekana kuwa na nguvu mara kumi ya mtu wa kawaida. Juu yao ni tembo, wenye nguvu mara kumi ya wanamieleka. Wanafuata simba, kisha viumbe nusu simba nusu ndege, na mwisho miungu wawili wa kike. Hesabu ya kumi-kumi inapanda hivyo hadi mlangoni, na watoto wa mji huijua kwa moyo.

Tarehe 25 Aprili 2015, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 7.8. Karibu watu 9,000 walikufa Nepal. Mitaani Bhaktapur nyumba za matofali zilianguka juu ya wenyewe. Hekalu la mawe la Vatsala, mbele ya ikulu, liliporomoka lote. Nyatapola ilibaki imesimama na majeraha madogo tu, kama ilivyosimama mwaka 1934. Siri yake ipo wazi kwa anayetazama vizuri. Msingi ni mpana na uzito unapungua kadiri jengo linavyopanda. Ndani ya kuta za matofali kuna viunzi vya mbao ngumu vilivyoshikana kwa vigingi, hivyo jengo hujongea kidogo pamoja na ardhi badala ya kukaidi hadi likavunjika.

Kilichofuata baada ya tetemeko ndicho kinachostahili sifa kubwa zaidi. Manispaa ya Bhaktapur ilishikilia kwamba mahekalu yarudi kwa vifaa vyake vya asili, yaani matofali, mbao, mawe na udongo, na kazi ikawekwa mikononi mwa kamati za wakazi na mafundi wa hapohapo. Vatsala limejengwa upya. Njia hiyo ilihitaji subira, lakini ilikuwa njia sahihi: kijana aliyechonga boriti ya hekalu lililoanguka ataweza kuikarabati, na atamfundisha mwanawe.

Utunzaji wa namna hiyo una chimbuko la kale. Wanewari wana vyama viitwavyo guthi, ambavyo kwa karne nyingi vimeyagharamia mahekalu, mazishi, muziki na sherehe kwa mapato ya ardhi ya wakfu. Mwezi Juni 2019, serikali ilipoleta muswada ambao wengi waliona ungewapokonya usimamizi wa guthi, maelfu walijaa mitaa ya Kathmandu na ngoma zao, na muswada ukaondolewa. Mtalii akielezwa urefu wa mapaa bila kuelezwa habari za guthi, ameuona mji nusu.

Kusini mwa Taumadhi kuna uwanja wa wafinyanzi. Hapa ratiba yoyote ya matembezi inapaswa kulegea. Vyungu vimepangwa juani kwa mamia, na mgeni hupita kwa kunyata. Vikishakauka hurundikwa, hufunikwa majani makavu ya mpunga na majivu, na moto huachwa ufukute ndani kwa siku kadhaa. Msimu wa mavuno uwanja huohuo huanikwa nafaka, na wanawake wazee waliovaa haku patasi, sari nyeusi yenye pindo jekundu, huigeuza kwa miguu. Sehemu ya vibakuli vinavyotoka hapa huenda kwa watengenezaji wa juju dhau, mtindi wa maziwa ya nyati ulio sifa ya Bhaktapur. Udongo wa kibakuli hunyonya maji, na mtindi unakuwa mzito kiasi cha kukatika kwa kijiko kama keki. Anayeonjeshwa ule wa kwenye kopo la plastiki hajaonjeshwa juju dhau.

Mashariki kabisa ni uwanja wa Tachapal, na hekalu la Dattatreya la enzi za Yaksha Malla, ambalo inasemekana mbao zake zilitoka katika mti mmoja. Wengi hupiga picha hapo na kugeuka. Wangeingia kichochoro cha pembeni wangekuta, kwenye ukuta wa Pujari Math, dirisha la tausi: ndege amekunjua mkia mduara mzima wa mbao, na ndege wadogo wamemzunguka. Jengo hilo lilikarabatiwa miaka ya mwanzo ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kama zawadi ya harusi ya Birendra, mrithi wa kiti cha ufalme.

Waliobahatika hufika mwezi Aprili, wakati wa Bisket Jatra, sherehe ya mwaka mpya. Gari kubwa la mbao la Bhairava hutolewa Taumadhi, na watu wa mji wa juu na wa mji wa chini hulivuta kwa kamba kila upande ukitaka lije kwake. Kisha nguzo ndefu husimamishwa, na inapoangushwa mwaka mpya umeingia. Kwa asiyeweza kusubiri Aprili, kuna ushauri mmoja wa manufaa: alale Bhaktapur. Mabasi ya watalii huondoka alasiri kurudi Kathmandu, na asubuhi inayofuata, kabla hayajarudi, wenyeji hutoka na sinia za maua, mchele na poda nyekundu, wakipita hekalu hadi hekalu kuwahi sala kabla ya kwenda kazini.