Ukingo wa kaunta ya mawe: usiung'arishe kabla hujajua ni jiwe gani

Leo nataka kuongea na wale tunaouza meza na kaunta za mawe zilizotumika. Mimi nanunua kaunta za jikoni zinazong'olewa kwenye nyumba zinazokarabatiwa, nakata meza ndogo za sebuleni, naposti WhatsApp na Instagram. Na kinachouza ni ukingo. Ule wa mviringo, ule wa mshazari, na hasa ule wenye wimbi. Mteja akiikuza picha, anaangalia pale kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata meza nyeupe, ukingo una madoa na umefifia. Nikaimwagia dawa ya kusafishia choo. Madoa yakatoka, nikafurahi. Ilipokauka, ukingo mzima umekuwa kama chaki. Nikapaka mafuta ya nazi, ukang'aa, nikapiga picha, ikauzwa siku hiyohiyo kwa 180,000. Wiki moja baadaye mteja akanitumia picha: mafuta yameisha, ukingo umepauka na umeshika vumbi. Nikarudisha hela yote, na nauli ya kirikuu juu yangu.

Ile ilikuwa marumaru. (Nasema jiwe lenyewe, siyo tailizi za dukani ambazo nazo tunaziita marumaru.) Marumaru ni jamii moja na chokaa, asidi inaila. Graniti ni ngumu zaidi, na ndimu haiisumbui. Kwa hiyo kabla ya yote geuza jiwe, dondoshea tone la ndimu au siki upande wa chini, subiri dakika tano, futa. Likitoa povu au likiacha alama iliyofifia, hiyo ni marumaru au ndugu yake. Pia pitisha ncha ya kisu hapohapo chini: marumaru itachanika, graniti nzuri haitachanika.

Ukishajua, ziba mapengo kwanza. Gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, changanya na unga wa jiwe lilelile ili rangi ifanane. Jaza izidi kidogo, acha ilale hadi kesho, ndipo usugue.

Sasa kwenye kusugua ndiko watu wanaharibu. Pedi za almasi zina namba: 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 100 haiondolewi na 800, utasugua mpaka jioni na itabaki palepale. Lakini pia si lazima uanzie 50! Kama ukingo umefifia tu, anzia 400. Ukianza na 50 kwenye ukingo wa wimbi unakula lile wimbi lenyewe, na umbo likipotea huna la kurudisha isipokuwa kuchonga upya.

Ndani ya bonde la wimbi pedi haiingii. Mimi nachukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, nakizungushia msasa wa maji, nasugua kwa mkono. Kwa marumaru inatosha kabisa. Graniti inahitaji almasi, msasa wa kawaida utaumaliza bure.

Grinda ya kawaida ya kukatia vyuma inakwenda kasi mno, inaunguza pedi na kuacha mawimbi. Tafuta ile ya kupunguza mwendo, au fanya kwa mkono. Na tumia maji, usisugue kavu. Vumbi la graniti lina chembe zinazokaa kwenye mapafu na kuyaharibu moja kwa moja, kitambaa usoni hakizuii. Ila maji na umeme navyo unavijua: kama grinda yako si ya kufanyia kazi na maji, usijaribu, rudi kwenye mkono.

Kitu kingine, jiwe lililolowa hukudanganya. Kila jiwe likiwa na maji linang'aa. Kila unapomaliza namba moja kausha, washa tochi ya simu, mulika kwa ubavu. Ukiona mistari, bado. Na picha ya kuposti piga jiwe likiwa kavu, maana mteja atalipokea kavu.

Dawa ya kuziba vitundu vya jiwe paka mwishoni. Inasaidia mafuta na chai visizame, lakini haiizuii ndimu kuila marumaru. Mwambie mteja kabla hajalipa.

Ile meza nyeupe niliirudia kwa msasa wa maji, nikaanza na 220 nikapanda hadi 2000, siku mbili nzima. Nikaiposti tena kwa 150,000, nikaandika wazi kwamba ni marumaru, kona moja imezibwa, ndimu na siki mwiko. Aliyeichukua aliuliza swali moja tu, kama naweza kumpatia nyingine ya ukingo uleule.