Wycliffe: Jina la Ukoo la Kiingereza na Makao Yake Mapya Kangemi

Uchunguzi wa majina ya watu katika Afrika Mashariki kwa kawaida huelekea kwenye majina ya asili, yale yatokanayo na majira, mavuno, njaa, mvua na mizimu ya ukoo. Majina yaliyokuja na ubatizo huachwa kando, kana kwamba hayana la kumweleza mwanaisimu ila kwamba mwenye nalo, au mzazi wake, alipata kupita mikononi mwa wamisheni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni finyu. Mfano uliochaguliwa ni jina Wycliffe, ambalo kwao Uingereza ni jina la ukoo lililo haba sana, lakini katika Kenya ya magharibi, na katika mitaa ya Nairobi inayokaliwa na watu waliotoka huko, limekuwa jina la kwanza la wanaume wasiohesabika.

Kangemi ni mmojawapo wa mitaa hiyo. Uko kando ya barabara ya Waiyaki, magharibi ya jiji, kwenye ardhi ambayo wenyewe wa asili ni Wakikuyu, ila wapangaji wake wengi ni Waluhya. Humo jina Wycliffe halimshangazi mtu. Huitwa fundi, mwalimu, kondakta na mzee wa kanisa. Linalostahili kuulizwa ni hili: jina ambalo Mwingereza wa kawaida hakupata kukutana na mwenye nalo limefikaje kuwa la kila siku hapo?

Asili na maana

Wycliffe kwanza lilikuwa jina la mahali. Ni kijiji kidogo kilichoko kwenye ukingo wa mto Tees, kaskazini mwa Uingereza, katika sehemu iliyohesabiwa zamani kuwa ya Yorkshire. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinakitaja kwa tahajia ya zamani. Sehemu ya pili ya jina haina utata: ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya genge au mteremko mkali. Kuhusu sehemu ya kwanza wataalamu wametoa maelezo mawili. Wengine husema ni neno lenye maana ya weupe, hivyo jina zima ni "genge jeupe", wengine husema linahusu pindo la mto, hivyo jina ni "mteremko penye kona ya mto." Maelezo yote mawili yanaafikiana kwamba jina lilieleza sura ya nchi kabla ya kumweleza mtu yeyote. Waliotoka kijijini hapo wakaitwa kwa jina lake, na hivyo likawa jina la ukoo.

Ukoo wenyewe haukuenea. Jina lilijulikana duniani kwa sababu ya mtu mmoja, John Wycliffe, mwanazuoni wa Oxford aliyefariki tarehe 31 Desemba 1384 akiwa padri wa Lutterworth. Yeye alishikilia kwamba Maandiko yanapaswa kusomwa na watu katika lugha waisemayo, na Biblia ya kwanza kamili ya Kiingereza, iliyofasiriwa kutoka Kilatini katika miaka ya 1380, inanasibishwa naye, ingawa sehemu kubwa ya kazi yaelekea ilifanywa na wenzake. Mwaka 1409 kanisa la Uingereza lilikataza kufasiri Maandiko bila idhini. Mwaka 1415 Baraza la Constance lilimhukumu Wycliffe kuwa mzushi, na mwaka 1428 mifupa yake ilifukuliwa, ikachomwa, na majivu yakatupwa katika mto Swift. Hivyo jina likaacha kuwa la genge tu. Likawa ishara ya kudai haki ya lugha ya nyumbani. Ndiyo maana shirika la kimarekani la wafasiri wa Biblia lililoanzishwa mwaka 1942 lilijiita kwa jina hilo.

Kuenea kwake

Katika nchi ya Waluhya, Wamarafiki wa Marekani walifungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902, na makanisa mengine ya Kiprotestanti yakafuata. Mambo mawili yanapaswa kukumbukwa hapa. La kwanza ni kwamba Wakatoliki walizoea kubatiza kwa majina ya watakatifu, ilhali Waprotestanti hawakufungwa na orodha hiyo. Kwa hiyo majina ya ukoo ya watu walioheshimiwa yaliweza kugeuzwa kuwa ya ubatizo: Livingstone, Wesley, Wilberforce, Luther. La pili ni kwamba kazi ya misheni iliyoonekana zaidi ilikuwa kufasiri. Emory Rees, akisaidiana na Joel Litu aliyekuwa mwenyeji wa Maragoli, alifanikisha Agano Jipya la Kilogooli lililotoka mwaka 1925. Biblia nzima ya lugha hiyo ikatoka mwaka 1951. Mahali ambapo watu walijifunza kusoma kwa kitabu cha lugha yao wenyewe, jina la mfasiri lilikuwa na uzito ambao halikuwa nao tena Uingereza.

Sauti nazo zilisaidia. Wabukusu wana majina mengi ya wanaume yaanzayo kwa W, kama Wafula, Wekesa na Wanjala. Jina geni lililoanza vivyo hivyo halikuchusha masikioni. Lakini hoja hii isikuzwe kupita kiasi, kwani Wamaragoli, ambao hawana desturi hiyo kwa kiwango kile, wamelipenda jina hilo vilevile. Sauti ni msaada tu. Sababu yenyewe ni historia.

Leo jina limevuka mipaka ya Waluhya. Miongoni mwa viongozi wamo Wycliffe Musalia Mudavadi, aliyezaliwa mwaka 1960, na Wycliffe Ambetsa Oparanya, gavana wa Kakamega toka 2013 hadi 2022. Lakini Wycliffe Kinyamal, aliyeshinda mbio za mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018 na 2022, ni Mmaasai.

Umbo na hatima yake

Kinywani mwa Mbantu jina hufuata kanuni ya silabi wazi. Mfuatano wa k na l hupata irabu kati yake, kama klabu iwavyo kilabu. Na f ya mwisho hufuatwa na u, kama katika chifu. Hivyo husikika Wikilifu au Waikilifu. Vijana wa mtaani nao, kwa desturi ya kukata majina, humwita mwenye nalo Cliff, wakabakiza bila kujua kile kipande chenye maana ya mteremko.

Aidha, kwa kuwa mtoto wa Kenya mara nyingi huandikishwa kwa jina la baba mwishoni, jina lililoacha kuwa la ukoo lilipovuka bahari linaanza kurudia kazi yake ya kwanza.

Katika miaka ya 1970 majina ya kigeni yalishambuliwa kwa hoja nzito. Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kikristo nchini Zaire mwaka 1972, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliacha jina James. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, kwani majina mengi yalitolewa kwa kulazimisha. Hata hivyo Wycliffe wa Kangemi anaikabili hoja hiyo kwa namna ya pekee. Jina lake ni la Kiingereza, lakini linamkumbuka aliyepinga enzi ya lugha ya wakubwa. Wakati huohuo watoto wengi wa mtaa huo wanakua wakisema Kiswahili na Sheng, na Kilogooli, Kibukusu au Kinyore wakikisikia kwa bibi wakati wa likizo tu. Jina la mtetezi wa lugha ya mama linadumu, na lugha ya mama inafifia. Suala la kuulizwa na wanaisimu, basi, si kama jina hilo ni geni, bali kama wenye nalo wataendelea kuwa na kile lilichokusudiwa kukitetea.