Vitshumbi: viungo vya samaki vya kusaga nyumbani, bila maggi na bila chumvi

Pale Vitshumbi, kandokando ya Ziwa Edouard katika wilaya ya Rutshuru, samaki anapatikana. Kinachosumbua ni kile kinachotiwa pamoja naye ndani ya chungu. Kijiji kiko ndani ya Hifadhi ya Virunga, na sheria ya hifadhi hairuhusu kulima mule. Kitunguu, tomati, tangawizi, seleri, hata pilipili, karibu vyote vinapakiwa kwenye gari Kiwanja ao Kanyabayonga, vinapita Rwindi, kiisha vinashuka mpaka ziwani. Siku barabara ikifungwa juu ya vita ao mvua, soko inakauka. Kinachobaki kwenye kila kibanda ni maggi.

Katika lugha ya kila siku, maggi ni jina la vipande vyote vya kutia ladha, hata vile vya kampuni ingine. Mama anayevinunua hana kosa: kimoja kimoja ni bei ndogo, havioze, na chungu inanukia. Lakini asome karatasi yake. Vitu vilivyomo vinaandikwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kinatangulia, na neno la kwanza karibu kila mara ni «sel», yaani chumvi. Katika vipande vingi chumvi inakaribia nusu ya uzito, na vingine vinapita hapo. Vipande 2 vya gramu 10 ndani ya chungu ya watu 5 vinaleta chumvi ya gramu 10 hivi. Ni gramu 2 kwa kila sahani, mbele mama hajachota chumvi yake mwenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, kusema kijiko kimoja kidogo cha chai.

Tena Vitshumbi kuko jambo lingine. Samaki anayetakiwa kukaa siku nyingi anakaushwa kwa chumvi. Chukua samaki wa chumvi, ongeza maggi mbili, ongeza chumvi ya ugali wa mazoea, njo namna tansio inaingia nyumbani bila kupiga hodi. Samaki wa namna hiyo anahitaji harufu na ukali, si chumvi ya pili.

Shauri hili si geni duniani. Watu wa Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, kule visiwa vya Karibi, wana unga wanaouita adobo, jina linalotoka kwa neno la Kihispania la kuloweka nyama kwenye viungo. Ndani yake kuko kitunguu saumu, pilipili manga, oregano, mara nyingi na bizari nyembamba ao manjano. Wanaupaka juu ya nyama na samaki mbele ya kupika. Rangi nyekundu wanaipata kwa mbegu za achiote. Huku Kivu kazi ile inafanywa na mafuta ya mawese. Na pilipili yenyewe inayotiwa kila chungu huku ilitoka Amerika: Wareno waliileta Afrika kisha safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492, njia ileile iliyoleta mihogo na mahindi. Adobo inayouzwa dukani kule nayo imejaa chumvi, lakini anayesaga yake nyumbani anaweza kuiacha. Hapo ndipo mama wa Vitshumbi anaweza kuiga.

Vinavyohitajika vinajulikana soko zote za Rutshuru na Goma: kitunguu saumu, kitunguu cha kawaida, tangawizi, majani ya seleri, pilipili nyekundu iliyokomaa, na pilipili manga, ile wengi wanaita puavuru. Oregano haina lazima, seleri inatosha. Ni vizuri kununua siku magari yamefika mengi na bei imeshuka, juu vitu vibichi vinapungua sana vikikauka. Kilo 1 ya kitunguu saumu iliyomenywa inaweza kubakiza gramu 350 hivi. Tangawizi inabakiza kama gramu 200. Kitunguu cha kawaida njo kinashangaza: kilo nzima inabaki gramu 120 ao chini, karibu yote ilikuwa maji.

Kuosha kwanza. Maji ya ziwa yanayochotwa na bidoni hayafai kwa kazi hii kama hayajatiwa klore ao kuchemshwa, sababu kolera inarudi mara kwa mara kwenye vijiji vya kando ya ziwa, na viungo vingine vinaliwa bila kupikwa tena. Kiisha kata vyembamba: tangawizi iwe kama sarafu, kitunguu saumu vipande 3 ao 4 kwa kila punje. Majani ya seleri yanaachwa mazima. Pilipili inapasuliwa kwa urefu ili unyevu wa ndani utoke, na aliyeipasua asijisugue macho.

Kukausha njo sehemu ngumu, hasa Vitshumbi. Jua liko kali, lakini upepo wa ziwa una unyevu, na jua hilohilo linakausha samaki. Mahali kuna samaki kuna nzi, na kuna wale ndege wakubwa, marabu, wanaotembea kati ya nyumba kama wenye kijiji. Viungo visianikwe pamoja na samaki hata kidogo, wala chini kwenye hema. Vinapangwa juu ya meza ya miti ao ungo ulioinuliwa, na kufunikwa na kitambaa chepesi ao kipande cha moskitero mpya isiyotiwa dawa. Jioni vinaingizwa ndani mbele ya umande. Siku 3 ao 4 zinatosha kukiwa jua. Kitunguu kinaweza kupita hapo. Usihesabu siku, pima kwa mkono: kipande kikikunjika bado, kikivunjika na kulia kimekauka.

Hapo hakuna haraka. Kilichosagwa na unyevu kinapata ukungu, na ukungu mwingine unatoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa moto wa jikoni. Inadhuru ini polepole. Pilipili na tangawizi ni kati ya vitu vinavyoshikwa nayo kwa urahisi. Kipande chenye madoa meusi ao harufu ya uvundo kitupwe; kukikwangua haisaidii.

Kinu kilichotwanga sombe leo asubuhi kisitumike mpaka kikauke kabisa. Saga kila kiungo peke yake, pilipili ikiwa ya mwisho, mtwangaji akiwa amefunga kitambaa puani na watoto wametoka. Chekecha, kiisha changanya. Kipimo cha kuanzia: vijiko vya mezani 4 vya kitunguu saumu, 3 vya kitunguu, 2 vya tangawizi, 2 vya seleri, 1 cha pilipili manga, na nusu kijiko cha pilipili. Anayependa rangi aongeze kijiko 1 cha manjano. Nyumba yenye watoto wadogo inaweza kuacha pilipili pembeni, kila mtu ajitilie kwenye sahani.

Kwa tilapia mbichi, kijiko 1 cha mezani na maji ya ndimu 1 vinatosha samaki wawili wa kiasi. Vipakwe nusu saa mbele ya kukaanga, chumvi kidogo itiwe pale mwisho kisha kuonja. Samaki wa harufu kali kama kambare anataka tangawizi zaidi. Samaki wa chumvi alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe mara 2, halafu apikwe na unga huu bila kuongeza chumvi kabisa. Siku za kwanza nyumba italalamika kwamba chungu imepoa. Kupunguza maggi nusu kwa wiki mbili ni rahisi kuliko kuikata siku moja. Chumvi itakayobaki kutumika iwe ile ya pakiti yenye iyode, juu mwili unaihitaji ili shingo isivimbe rovu.

Kuko wamama wanaopenda kutwanga vyote vibichi na kuvifunika na mafuta kwenye chupa. Kwa chungu ya leo ni kitamu sana. Kuiweka siku nyingi bila frigo ni hatari: kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kinakosa hewa, na humo kuna mdudu anayezaa sumu ya botulizimu, bila kubadilisha harufu wala ladha. Mwaka 1985, mjini Vancouver kule Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua kwa chakula kilichotiwa kitunguu saumu cha namna hiyo. Kibichi kitwangwe cha siku moja tu.

Ule mkavu unatiwa kwenye chupa ya kioo ao boksi ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, mbali na moshi na mvuke wa chungu. Kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Ukifungwa vizuri unashika harufu miezi 3 mpaka 6. Ukiona umeanza kushikana mabonge, unyevu umeshaingia: mwaga, anza upya gari lingine likifika.