Makaa ya akiba: mvua huyafanyia nini magunia yaliyowekwa nje?

Katika miji ya Jinja na Mbale, familia yenye uwezo wa kununua magunia matano au kumi ya makaa kwa mkupuo hufanya hivyo wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari. Sababu inafahamika. Mvua za Machi zikianza, matanuri ya wachoma makaa hulowa, njia za vijijini hugeuka tope, na bei ya gunia hupanda. Anayenunua kwa mkebe, siku kwa siku, hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko jirani yake aliyeweka akiba.

Tangu Mei 2023 imeongezeka sababu nyingine. Mwezi huo Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini na kaskazini mashariki mwa Uganda, maeneo ambayo kwa miaka mingi yamelisha majiko ya miji ya kusini na mashariki. Makaa hayakutoweka sokoni, ila shehena inaweza kukamatwa njiani, na mnunuzi hana hakika kwamba wiki ijayo atapata alichokipata wiki hii. Hata Jinja, mji ambao umeme wa Mto Naili umefuliwa kando yake tangu 1954, nyumba nyingi bado hupikia sigiri.

Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Nyumba nyingi za kupanga Walukuba, Masese au Namatala ni chumba kimoja au viwili, na magunia kumi hayana pa kulala humo. Hivyo hupangwa uani, chini ya mwembe au kando ya ukuta, yakafunikwa turubai na kusubiri. Aprili inapofika, mwenye mali huanza kujiuliza iwapo fedha zake zinaoza.

Hazioze. Makaa ya miti hayaozi kama kuni zinavyooza, kwa sababu moto wa tanuri umekwisha kuondoa karibu kila kitu ambacho kuvu na wadudu wangeweza kukila, ukabakiza kaboni. Ndiyo maana wanaakiolojia hufukua vipande vya makaa vilivyolala ardhini maelfu ya miaka vikiwa bado vinatambulika ni vya mti gani. Mchwa wanaoonekana kwenye magunia ya chini wamefuata gunia lenyewe na mbao zilizo chini yake, si makaa.

Hapa lugha yetu hututatiza kidogo. Kila ninapotafsiri habari za majira ya baridi huko Ulaya, hunibidi niandike "makaa ya mawe" kwa ukamilifu, ili msikilizaji wa Bugembe asidhani kwamba kaya za Poland hupasha nyumba joto kwa makaa kama yake. Makaa ya mawe ni mwamba uliobanana. Humwagwa uani kwa tani, mvua ikayanyeshea, na sehemu kubwa ya maji hubaki juu ya uso wake au huchuruzika. Makaa ya miti yana vitundu visivyohesabika, mabaki ya mishipa iliyopandisha maji mtini. Yakitoka tanurini huwa na unyevu usiozidi asilimia moja. Yakikaa hewani tu, bila tone la mvua, hufyonza unyevu hadi kufikia asilimia tano au kumi. Yakinyeshewa, huzidi hapo kwa mbali.

Je, maji hayo yanagharimu kiasi gani? Hesabu yake huwashangaza wengi. Kuvukiza lita moja ya maji iliyomo ndani ya makaa kunahitaji joto linalotolewa na makaa makavu yasiyofika gramu 100. Kwa hiyo kilo kumi zilizofyonza lita moja na nusu hazijapoteza nusu ya thamani yake, wala robo. Tena makaa yaliyolowa hukauka. Yatandaze juani juu ya mabati au turubai kwa siku mbili tatu za jua kali, nayo yatawaka karibu kama zamani.

Hasara ya kweli iko kwingine. Makaa yaliyolowa hukawia kushika moto, na mpishi humaliza vijiti na mafuta ya taa akipuliza. Mvuke uliobanwa ndani ya kipande hukipasua, kikaruka na kurusha cheche. Gunia lililolowa na kukauka mara kadhaa, huku likisukumwa na kukanyagwa, hujaa chenga na vumbi, na vumbi haliwaki vizuri kwenye sigiri, kwani huziba njia ya hewa. Juu ya hayo kuna hatari kubwa kuliko zote, ambayo nitaieleza baadaye: mtu aliyechoka kupuliza moto mvuani hubeba jiko na kuliingiza chumbani.

Basi yapangweje? Jambo la kwanza ni ardhi, kwa maana magunia mengi hulowa kutokea chini, si juu. Udongo wa uani hubaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika, na gunia lililokaa juu yake hufyonza polepole. Inua rundo lote angalau shubiri moja kwa matofali, kisha tandika mbao au chaga zinazoacha nafasi za hewa. Liache mbali kidogo na ukuta, kwa sababu maji ya paa hudondoka hapo na kurusha tope. Mwembe nao si paa. Mvua ikikatika, matawi huendelea kudondosha maji kwa muda mrefu, na jua la asubuhi halifiki chini yake.

Jambo la pili ni kifuniko, na hapa kosa la kawaida ni kufunika mno. Mimi mwenyewe nililifanya nilipopanga chumba Jinja: nilinunua nailoni nyeusi, nikayazungushia magunia yangu manne kama mtoto mchanga, nikaibana pembe zake kwa mawe. Baada ya wiki tatu nilipofunua, hakuna tone la mvua lililokuwa limeingia, lakini makaa yalikuwa yamelowa chapa. Mchana jua lilipasha nailoni, unyevu wa ardhi na wa makaa yenyewe ukapanda. Usiku kulipopoa, unyevu huo uligeuka matone chini ya nailoni na kuyadondokea magunia. Nilikuwa nimejenga mvua yangu mwenyewe. Kifuniko kizuri hulinda juu na upande unaopigwa na upepo wa mvua, kina mwinamo wa kuteremsha maji, na huacha sehemu ya chini wazi ili hewa ipite. Mabati mawili yaliyoegemezwa juu ya nguzo fupi hufanya kazi hiyo kuliko turubai la bei ghali lililofungwa kila upande.

Usipange zaidi ya magunia matatu kwenda juu, la sivyo yale ya chini yatasagika. Tumia ya zamani kwanza. Magunia ya plastiki yakipigwa na jua miezi kadhaa hukatika nyuzi, hivyo kivuli cha mabati huyafaa nayo pia.

Kwa wakazi wa Namatala na sehemu nyingine za bondeni mjini Mbale, shubiri moja haitoshi. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika baada ya mvua kubwa, watu wakapoteza maisha na nyumba zikajaa maji. Anayeishi karibu na kingo hizo afadhali anunue akiba ndogo, au aiweke kwa ndugu anayeishi mahali palipoinuka.

Makaa mbadala, yale yanayofinyangwa kwa vumbi la makaa au mabaki ya mazao, yana kanuni tofauti kabisa. Hushikamanishwa kwa uji wa muhogo au udongo, na mvua moja tu huyarudisha kuwa uji. Hayo lazima yawe ndani, au kwenye chombo chenye mfuniko.

Kuna sababu nyingine ya kuyaacha makaa nje, nayo huzungumzwa mara chache. Makaa mapya, yaliyotoka tanurini siku chache zilizopita, yanaweza kuwaka yenyewe. Vitundu vyake hufyonza oksijeni kwa pupa, na kitendo hicho hutoa joto. Gunia likiwa peke yake, joto hilo hutoweka hewani. Likiwa katikati ya rundo kubwa lililobanana, hasa lenye vumbi jingi, joto hukusanyika mpaka moto uanze ndani bila mtu kuleta kiberiti. Moto wa namna hii umeteketeza shehena baharini, na kanuni za kimataifa za usafirishaji wa mizigo hatari kwa meli sasa zinataka makaa yaachwe yapigwe na hewa siku 14 kabla ya kupakiwa, au yafungashwe kwa gesi isiyochochea moto.

Kwa kaya, maana yake ni kwamba magunia yaliyoshushwa leo kutoka kwenye lori yasiingizwe stoo wala chini ya kitanda. Yaache nje, mbali na dirisha na mlango, yakiwa na nafasi kati yake, hata kwa wiki mbili. Yapapase kwa kiganja jioni. Gunia lenye joto lisilotokana na jua, au lenye harufu ya moshi, litenge, limwage chini na ulimwagilie maji hadi lipoe. Pikipiki na madumu ya petroli yakae mbali.

Na ile desturi ya kuzima makaa yaliyosalia jikoni ili yatumike kesho? Ni ya busara, lakini isiishie guniani. Kipande kilichovaa jivu jeupe kinaweza kuendelea kuungua ndani kwa saa nyingi. Kiweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kilale humo, na hata kesho yake kisichanganywe na akiba.

Sasa tuirudie hatari ya jiko chumbani. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, na mvua za jioni huteremsha baridi. Kapchorwa, iliyo kwenye miteremko yake, usiku huwa wa baridi hasa. Familia hupika nje au barazani, kisha huingiza sigiri yenye makaa mekundu ili watoto wapate joto, na hufunga mlango. Moshi umekwisha, harufu hakuna, kwa hiyo hewa huonekana salama. Lakini makaa mekundu hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hutoa nyingi zaidi yanapoungua polepole kwa hewa haba, kama yafanyavyo makaa yenye unyevu au yaliyofunikwa jivu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua kama kawaida.

Dalili zake huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Aliyelala hazihisi. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakilalamikia kichwa kwa wakati mmoja huku kuna sigiri ndani, hilo si malaria mpaka lithibitishwe. Fungueni mlango na madirisha, mtoeni kila mtu nje hata kama kunanyesha, litoeni jiko ikiwa mnaweza kufanya hivyo bila kukaa humo ndani, na mumpeleke aliyezidiwa hospitalini. Jinja na Mbale zote zina hospitali za rufaa za mkoa. Mwelezeni mhudumu, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba kulikuwa na makaa chumbani, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kulisema, na kipimo cha kawaida cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha kwamba yuko sawa.