Flashi ileile, laptopu mpya inagoma: Kwa nini kupiga Windows siku hizi si kama zamani

BARIADI. Fundi wa kompyuta wa mtaani, awe Somanda au kule Lamadi njia panda, huwa ana flashi yake moja anayoiamini. Ni hiyohiyo ya kupigia Windows kwenye mashine za steshenari, za walimu na za wanafunzi waliorudi likizo. Siku moja inaletwa laptopu ya miaka ya karibuni. Flashi inachomekwa, mashine inawashwa, na flashi haionekani kabisa. Au inaonekana, mambo yanakwenda vizuri mpaka kwenye ukurasa wa kuchagua diski, halafu mashine inakataa.

Hapo ndipo kazi za watu hupotea. Mteja yuko mlangoni, fundi ana haraka. Anafungua video ya dakika tatu kwenye simu, anaandika amri aliyoiona humo, na kweli Windows inaingia. Kilichofutika kinajulikana jioni, mwalimu anapotafuta alama za mtihani.

Na mashine za namna hii zinazidi kuletwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, na wengi wanataka kuhamia Windows 11.

Kiini cha tatizo ni programu ndogo iliyowekwa kwenye bodi ya mashine. Hiyo huamka kabla ya Windows, hukagua RAM na kibodi, kisha hutafuta mfumo wa kuuwasha. Zamani iliitwa BIOS, na ilikuja na kompyuta ya IBM mwaka 1981. BIOS haijui faili wala folda. Inasoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512 tu, na kufuata maelekezo inayoyakuta hapo. Ni kama mgeni anayeshuka stendi na kikaratasi kimoja mkononi. Kikaratasi kikikosea, naye amepotea.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel ilianza kutengeneza mbadala kwa ajili ya seva. Mwaka 2005 kazi hiyo ikahamia kwa umoja wa makampuni, na jina likawa UEFI. Hii inasoma mafaili. Inaingia kwenye patisheni ya FAT32, inatafuta folda inayoitwa EFI, na kufungua faili la kuwashia lililomo humo. Flashi iliyoandaliwa kwa ajili ya BIOS peke yake inaweza isiwe na folda hiyo, basi kwa macho ya UEFI ni flashi ya kawaida yenye miziki.

Kwa miaka mingi watengenezaji waliacha njia zote mbili wazi, ile ya zamani ikiandikwa “Legacy” au “CSM” kwenye mipangilio. Laptopu nyingi za sasa hazina tena mlango huo. Fundi anaweza kuutafuta mpaka kesho.

Diski nayo ina ramani yake. Ramani ya zamani ni MBR: inabeba patisheni kuu nne na inaishia TB 2. Mpya ni GPT, ambayo kwenye Windows inabeba patisheni hadi 128. Kanuni ya Windows ni fupi: mashine ikiwaka kwa UEFI, diski ya mfumo iwe GPT. Ikiwaka kwa BIOS, iwe MBR. Haichanganyi.

Upande wa flashi, suluhisho ni rahisi. Programu ya bure ya Rufus ina sehemu ya kuchagua ramani na aina ya mashine. Hapo panachaguliwa GPT na UEFI. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutwa. Faili lenyewe la Windows 11 linazidi GB 5, kwa bando la simu si mchezo, kwa hiyo anayelishusha mara moja alitunze vizuri. Wanaojaribu kunakili mafaili kwa mkono kwenye flashi ya FAT32 hukwama, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, na ndani ya Windows za sasa kuna faili moja kubwa kuliko hapo. Menyu ya kuchagua flashi kwa kawaida hufunguliwa na F9 kwenye HP, na F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi.

Upande wa diski ndipo penye hatari. Ujumbe unaosema diski ina MBR hutokea sana kwenye laptopu ambayo fundi wa kwanza aliipiga kwa njia ya zamani. Video nyingi zinatoa dawa moja: fungua diskpart, andika clean, kisha igeuze diski iwe GPT. Amri ya clean haiulizi mara mbili. Na haifuti C peke yake. Inaondoa ramani ya diski nzima, na D inakwenda nayo.

Hili la D lirudiwe, maana watu wengi wamezoea kuhifadhi kazi zao D kwa imani kwamba Windows ikiharibika, D iko salama. Ni kweli pale fundi anapofuta C tu. Kwa clean, C na D ni vyumba vya nyumba moja inayobomolewa. Kwenye kompyuta ya steshenari maana yake ni vyeti vilivyoskaniwa, barua za wateja na fomu za miaka yote.

Njia nyingine ipo, na haitajwi inavyostahili. Tangu 2017 Windows 10 ina kifaa kinachoitwa mbr2gpt, kinachogeuza ramani bila kufuta mafaili. Kina masharti yake: patisheni kuu zisizidi tatu, na kwanza kiendeshwe kwa chaguo la kukagua tu, ili kiseme kama diski inafaa. Kikimaliza, lazima kuingia kwenye mipangilio ya mashine na kuhamia UEFI, la sivyo Windows haitawaka na fundi atadhani ameiua. Hata hivyo nakala ya mafaili ichukuliwe kwanza. Kama Windows haiwaki, flashi ya Ubuntu inaweza kuwashwa bila kuisakinisha, mafaili yakahamishiwa kwenye diski ya nje. Ni nusu saa au saa nzima ya ziada, ambayo mteja hapendi kuisubiri. Asubiri tu.

Kuna mtego mwingine, wa kufuli. Laptopu nyingi zilizokuja na Windows 11 diski yake imefungwa kwa BitLocker, na mwenyewe hajui. Fundi akizima ulinzi wa Secure Boot kwenye mipangilio, mashine inaweza kudai funguo yenye tarakimu 48. Funguo hiyo kwa kawaida hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza. Sasa akaunti hiyo ilifunguliwa na nani? Mara nyingine ni na muuzaji, kwa barua pepe yake, ili mteja aondoke haraka. Bila funguo, mafaili yale hayafunguki, hata diski ipelekwe Mwanza. Kwa hiyo funguo itafutwe na iandikwe mahali kabla ya kugusa mipangilio. Na mara nyingi hakuna haja ya kuizima Secure Boot kabisa, kwa kuwa Windows halisi na Ubuntu vyote vinapita ulinzi huo.

Pengine diski haionekani kabisa kwenye orodha. Wapo wanaoambiwa diski imekufa, wanunue nyingine. Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, diski inasimamiwa na kitu kinachoitwa VMD, na Windows haina draiva yake mkononi. Draiva hiyo inashushwa bure kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, inawekwa kwenye flashi, na kuonyeshwa kwa kubonyeza “Load driver”. Diski inatokea, mzima wa afya.

Kuhusu umeme: betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kupiga Windows, kazi inaanza upya, basi. Ukikatika wakati wa kusasisha programu ile ya kwenye bodi, mashine inaweza isiwake tena, kwa hiyo kazi hiyo isifanywe kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Habari njema ni kwamba laptopu nyingi zilizouzwa na Windows tangu mwaka 2012 zina funguo ya leseni ndani ya bodi. Mradi toleo ni lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, Windows mara nyingi hujiwezesha yenyewe ikipata intaneti. Kumtoza mteja hela ya “kukraki” mashine ya namna hiyo ni kumuuzia kitu alichokwisha kukilipia.

Na kama Windows 11 imefika mahali inadai intaneti wakati Wi-Fi bado haijapata draiva, simu ya Android inatosha: inachomekwa kwenye laptopu kwa waya wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu inawashwa njia ya kugawa intaneti kwa USB.