Saratani Isiachwe Ikate Kamba

Kila mvuvi wa Matema na Mwaya anafahamu kwamba mtumbwi ulioegeshwa haupotei kwa sababu maji ya ziwa ni mengi. Hupotea kwa sababu kamba imekatika au kigingi kimeng'oka. Leo tunawaomba wasomaji wetu wa Kyela na wa mwambao wote wa kaskazini ya Ziwa Nyasa waifikirie saratani kwa namna hiyo hiyo, kwani ugonjwa huu aghalabu huua kwa safari zake kuliko kwa uvimbe wa mahali ulipoanzia.

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai zisizoonekana kwa macho matupu. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba, na katika utando huo zimo protini za kazi mbalimbali. Mojawapo ni kadherini, iliyogunduliwa na mwanasayansi wa Kijapani, Masatoshi Takeichi, na kupewa jina hilo katika miaka ya 1980. Kadherini ya seli moja hushikana na kadherini ya seli jirani, kwa msaada wa madini ya kalsiamu. Kwa upande wa ndani, protini nyingine huifunga kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Basi kadherini ndiyo kamba, na protini hizo za ndani ndizo kigingi.

Katika saratani nyingi kamba hizo hupungua au huharibika. Mwaka 1991 watafiti wa Ujerumani na Ubelgiji walionyesha katika maabara kwamba seli zilizopoteza kadherini hupenya kwenye tishu za jirani, na zikirudishiwa protini hiyo hutulia. Protini nyingine, ezrini, ambayo huunganisha utando na nyuzi za ndani, inapozidi huweza kuisaidia seli kutambaa. Mwaka 2004 ilihusishwa na kuenea kwa saratani ya mifupa. Seli iliyofunguka hutoboa ukuta mwembamba ulio chini yake, ikaingia katika damu au limfu, ikafika kwenye mapafu, ini au mifupa. Hatusemi kwamba kila saratani hufuata njia hii moja, kwani zipo seli zinazosafiri kwa makundi zikiwa bado zimeshikana.

Je, maarifa haya yanatuhusu nini sisi wakulima wa mpunga na kakao? Yanatuhusu sana. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi nchini kuliko saratani nyingine yoyote, huletwa na virusi vya papiloma. Kwa kawaida hupita miaka 10 au zaidi tangu seli zianze kubadilika mpaka zivuke ukuta huo. Muda wote huo zingali mahali pamoja, na mwanamke hasikii maumivu yoyote. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvua hii huanza kunyesha kabla ya mawingu kuonekana.

Kwa hiyo mwanamke asingoje kutokwa damu. Katika uchunguzi, mhudumu hupaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi; sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, nayo mara nyingi huweza kutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa siku hiyo hiyo. Ukuta ukiisha kuvukwa, tiba huwa nzito na ya mbali. Ocean Road, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee pa tiba ya mionzi nchini, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kutoka Kyela. Ugonjwa ulioachwa usafiri humsafirisha na mgonjwa, na pengine shamba la familia huuzwa kwa ajili ya nauli.

Kinga nayo ipo. Tangu mwaka 2018 chanjo dhidi ya virusi hivyo imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini kote, na mwaka 2024 ilifanywa kuwa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inaleta ugumba hauna msingi wowote.

Hatuna budi, basi, kuwahimiza viongozi wa vijiji na wa dini walizungumze jambo hili hadharani bila haya. Na akina baba wasiwazuie wake zao kwenda kupimwa kwa kisingizio kwamba hawaumwi. Wakati ambao mtu haumwi ndio hasa wakati wa kumwokoa.