Kengele ya Nyumba na Sauti ya Jirani

Mtu apitaye leo katika njia ya Shinyanga na Kahama mpaka Geita ataona nyumba kubwa zikiinuka kila upande. Tangu migodi ya Geita na Bulyanhulu ilipoanza kutoa dhahabu, mwaka 2000 na 2001, biashara imekua na familia nyingi zimepata neema. Lakini penye mali hapakosi mwenye kuivizia, na baba wengi sasa wauliza: Je, tutie kengele ya wezi?

Twasema naam. Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, alimwamrisha amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi kufunga mlango vyema si upungufu wa imani. Neno kubwa ni kupanga kazi hiyo kwa akili, na yapasa ipangwe kabla ya kuta kupigwa lipu, maana nyaya zapaswa kupita ndani ya mabomba ya plastiki yaliyozikwa ukutani.

Chukueni karatasi, mchore nyumba yote, na kila mlango na dirisha lipewe namba. Kila mlango huwekwa sumaku katika ubao unaofunguka, na swichi ndogo katika fremu. Mlango ukifungwa, umeme mdogo huzunguka. Ukifunguliwa, mzunguko hukatika na king'ora hulia. Hapo ndipo ilipo hekima ya waya: mwizi akiukata, mzunguko hukatika vile vile, naye amejipigia kengele mwenyewe. Na ili mjanja asiziunganishe nyaya mbili akaupumbaza mtambo, fundi hutia rezista mwishoni mwa waya, kule kule mlangoni, wala si katika sanduku kuu.

Igawanyeni nyumba katika sehemu: milango ya nje, vyumba vya chini, ghorofa, stoo. Hivyo kengele ikilia mtajua hatari iko wapi. Vifaa vya kuhisi joto la mwili viwekwe sebuleni na stoo, lakini mpango wa usiku uache wazi njia ya kwenda kutawadha. Mzee aamkaye kwa tahajudi asije akaamsha mtaa mzima!

Umeme nao hukatika. Kwa hiyo sanduku kuu huwa na betri, aghalabu ya volti 12. Fanyeni hesabu: betri ya ampea-saa 7, ikiwa vifaa vyote hula ampea 0.35, itadumu saa 20. King'ora kikilia itapungua upesi, na ikizeeka itapungua zaidi. Sanduku lenyewe lifichwe chumba cha ndani. Tena, kwa kuwa nchi za Ziwa zina radi nyingi, fundi atie kinga ya radi na waya wa ardhini, wala asizipitishe nyaya za kengele pamoja na za umeme mkubwa.

Lakini baada ya yote hayo, kengele ni nini? Ni ukelele tu. Haimkamati mtu. Nani ataitika?

Watu wa Shinyanga walilijua jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipowazidi, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu. Hawakuwa na waya wala betri. Walikuwa na firimbi, na ule ukelele wa Kisukuma uitwao mwano; na aliyeusikia asitoke, alipaswa kujibu mbele ya wenzake. Mwaka 1989 Bunge liliwapa nafasi katika sheria. Hatusemi kwamba hawakukosea: wako waliopiga watu na kuwahukumu pasipo haki, na jambo hilo ni haramu. Mshukiwa apelekwe polisi. Lakini nguvu yao ilikuwa hii: kila sauti ilikuwa na mwitikaji.

Basi mwenye nyumba kubwa, kabla hujamwita fundi, nenda kwa majirani. Waeleze king'ora kitaliaje, wape namba ya simu, nawe uahidi kutoka usiku wao watakapoita. Kijaribu kila mwezi kwa saa inayojulikana. Kikilia ovyo kila wiki, siku ya hatari hakuna atakayeinuka. Wala usilaze dhahabu ndani ukitegemea waya; Geita lina soko la madini tangu mwaka 2019, na benki zipo.

Nanyi vijana mliosomea umeme, hii ni kazi ya halali na amana. Siri ya mlango wa mtu isitoke kinywani mwenu.

Ukuta mrefu humtenga mtu na jirani yake, wema humrudisha. Aliyejenga nyumba kubwa asiyemjua jirani ana kengele isiyo na masikio ya kuisikia. Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu. Amin.